Vidonge Alivyovitema

Jina la Vidole hakupewa kwa utani mtupu. Katika saluni yake yenye viti vitatu na kioo kimoja kilichopasuka kona, alisuka misuko myembamba kama uzi huku akisimulia habari za mtaa mzima, na mteja alishtukia kichwa kimekwisha kabla habari haijafika patamu. Wengine walirudi wiki inayofuata kusikia mwisho wake, nywele zikawa kisingizio. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, hana mume, hana mtoto, hana bosi, na katika hayo matatu hakuona hata moja la kulilia.

Kisha akaota rovu shingoni. Lilianza kama kitu cha kuchekwa, akawa anawaambia wateja kwamba amemeza limau na limegoma kushuka. Lakini mwaka haukuisha kabla limau halijawa chungwa, na usiku akilala chali anakoroma kama mtu anayekabwa. Daktari wa upasuaji alimpima, akampiga picha, akamwambia tezi lote la shingo litoke.

"Kuna jambo moja nataka ulijue mapema," daktari alisema, akichora duara kwenye karatasi. "Nyuma ya tezi lako kuna vitezi vinne vidogo, kila kimoja kama punje ya mchele. Kazi yake ni kulinda kalsiamu kwenye damu. Tukigusa hapa, vyenyewe hushtuka. Vinaweza kulala siku kadhaa, wiki kadhaa. Vikilala, kazi yake unaifanya wewe kwa vidonge. Ukisikia ganzi mdomoni, au vidole vinachomachoma kama sindano, usikae nyumbani. Njoo."

Vidole aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Aliyeelewa kweli alikuwa Dada, aliyekaa kiti cha pembeni na daftari mapajani, akiandika kila neno.

Dada alimpita kwa miaka kumi na mitano. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kengele, na ndiye aliyemlea Vidole tangu mama yao alipofariki. Siku ya tatu baada ya upasuaji, damu ilipopimwa na kalsiamu ikaonekana imeshuka kidogo, madaktari walimpa Vidole mfuko wa dawa wakamruhusu kwenda. Alitaka kwenda kwake. Dada alishapanga vinginevyo. Kitanda kilikuwa kimetandikwa nyumbani kwake, chumba cha nyuma, na nguo zimeshahamishwa.

"Mimi nalala kwangu," Vidole alinong'ona. Sauti ilikuwa imebaki nusu, mkwaruzo mtupu.

"Mgonjwa haulizwi uji," Dada alisema, na mjadala ukaishia hapo.

Ile nyumba ilikuwa safi, tulivu, na imefungwa kila upande. Dada aliishi peke yake, na tangu wezi walipoingia mara moja alikuwa ameweka nondo kwenye kila dirisha. Mlango wa mbele ulikuwa na mlango mwingine wa chuma nje yake, kazi ya Fundi Cheche, mchomeleaji vyuma aliyekuwa na karakana jirani kabisa. Cheche alijisifu kwamba mlango ule hata mwizi akija na trekta atarudi na trekta lake limepinda.

Humo ndani Vidole alipewa ratiba. Dada aliiandika kwa kalamu nyekundu, akaibandika ukutani kama ratiba ya vipindi. Alfajiri, kile kidonge kidogo cha kuchukua nafasi ya tezi lililotolewa, peke yake na maji, kwa sababu kikikutana na kalsiamu tumboni havielewani. Saa nne baadaye, kalsiamu vidonge viwili pamoja na tembe ya vitamini D. Mchana viwili tena. Jioni viwili tena. Daktari alikuwa amesema apumzishe sauti siku chache, na ushauri huo Dada aliugeuza sheria: marufuku kuongea. Simu ikaingia kwenye mkoba wa Dada, kwa kuwa mwenye simu ataongea tu. Wateja waliokuja kumjulia hali walipokelewa kwenye mlango wa chuma, wakashukuriwa, wakageuzwa. Vidole aliwasikia kutoka chumbani, sauti anazozijua moja moja, zikiondoka na habari zake zote.

Hakuna aliyemdhulumu. Hilo ndilo lililombana zaidi. Alilishwa, aliogeshwa kwa maji ya uvuguvugu, kidonda kilifutwa kwa mkono mwepesi kuliko wa nesi. Mtu akikuonea unaweza kumtukana. Mtu akikupenda namna hii, utamwambia nini?

Vile vidonge vya kalsiamu vilikuwa vikubwa kama vifungo vya koti, na koo lilikuwa bado bichi. Kila mlo wa dawa Dada alisimama mbele yake.

"Fungua mdomo."

Akavitia ndani. Akampa glasi. Akasubiri mpaka aone koo limepanda na kushuka.

Mara ya kwanza Vidole alishindwa kumeza kwa sababu ya maumivu. Maji yalipita, vidonge vikabaki shavuni vikimomonyoka kama chokaa ya ukutani. Akaenda bafuni akavitema. Dada hakugundua. Mara ya pili maumivu yalikuwa madogo, na angeweza kumeza. Akavitema vilevile. Alipoviona vikizunguka na kuzama na maji, alihisi kitu ambacho hakukihisi tangu aingie nyumba ile: kwamba yeye bado ni mtu mzima. Uji hakuweza kuukataa, wala kulala, wala kunyamaza. Hiki aliweza.

Siku ya nne nyumbani kwa Dada, jioni, midomo yake ilianza kufa ganzi, kama vile sisimizi wametoka pembeni mwa mdomo wakaenda kutembelea pua. Ncha za vidole zikachomachoma. Alikaa kitandani akaitazama mikono yake kwa muda mrefu. Maneno ya daktari aliyakumbuka vizuri. Lakini akimwambia Dada, zile siku kumi Dada alizompangia kukaa pale zitakuwa mwezi. Atasimamiwa mpaka bafuni. Akajisemea kwamba ni jambo dogo: kesho ataanza kumeza, sisimizi watakwenda zao, na hakuna atakayejua.

Kesho yake, baada ya chai, Dada alikuwa na haraka. Alivaa gauni lake la bluu la mikutano.

"Walimu wastaafu tunakutana leo, na mimi ndiye mwenyekiti," alisema huku akimtilia vidonge mdomoni. "Saa mbili tu, nitakuwa nimerudi. Usimfungulie mtu. Kwanza huna cha kufungulia, nafunga kwa nje. Lala."

Hakungoja hata kuona koo likipanda. Vidole alikuwa ameamua kumeza, Mungu shahidi. Lakini alisikia kufuli la nje likisema *kaa*, hasira ikampanda, na miguu ikampeleka bafuni yenyewe. Alitema. Ndipo alipokumbuka alichokuwa ameamua, na akasimama akitazama shimo la sinki kama mtu aliyeangusha pete.

Haikupita saa nzima. Alikuwa jikoni akitafuta kikombe pale mkono wa kulia ulipojikunja mbele ya macho yake. Kidole gumba kiliingia ndani ya kiganja, vile vinne vikanyooka na kubanana juu yake, kifundo kikapinda. Mkono wake ukawa kama mdomo wa ndege. Alijaribu kuukunjua kwa mkono wa kushoto, na wa kushoto nao ukafunga. Maumivu yalipanda mpaka viwikoni. Vidole hivi vilivyokuwa vikigawa nywele mia kwa mpigo sasa havikuweza kugawanyika vyenyewe.

Alitishika, akaanza kuhema haraka, na kadiri alivyohema ndivyo mikono ilivyokaza. Miguu ikafuata. Nyayo zilijikunja, vigimbi vikawa mawe, akaanguka kwa magoti kwenye sakafu ya jikoni.

Dawa ilikuwa pale pale. Chupa nyeupe, juu ya kabati fupi, imejaa. Aliisukuma kwa kiwiko ikaanguka, akaibana katikati ya vile viganja viwili vilivyokufa. Kifuniko chake kilikuwa cha aina ile ya kubonyeza kwanza ndipo uzungushe, kilichotengenezwa ili mtoto asiweze kukifungua. Hakuweza kubonyeza. Hakuweza kuzungusha. Akakiuma. Meno yaliteleza, akajaribu tena kwa magego, na kwenye shingo kidonda kikavutika kama kinachopasuka. Chupa ikamponyoka, ikabingirika chini ya meza.

Alitambaa kuifuata. Alisikia kilio na hakujua mara moja kama ni chake, maana koo lilikuwa limeanza kubana, na kila pumzi iliingia na mlio mwembamba kama filimbi. Akasema moyoni: nitakufa hapa, kwenye jiko safi la dada yangu, na dawa ninayo.

Mlango wa jikoni ulikuwa wa mbao nene, wazi nusu. Aliisukuma chupa kwa paji la uso mpaka kwenye ufa wa bawaba, pale mlango unapokutana na fremu, akaiegemeza pale. Kisha akajitupa na bega lake lote juu ya mlango. Mara ya kwanza chupa ilichomoka. Akairudisha. Mara ya pili ilipasuka, na vidonge vikatawanyika sakafuni, vyeupe kama meno.

Vidole aliviokota kwa midomo. Alivila chini, kimoja kimoja, kama kuku, pamoja na vumbi na kipande cha plastiki kilichomkata ulimi. Alivitafuna. Vinne, vitano, hakuhesabu. Ule unga wa chokaa ulimkaba, akaulainisha kwa mate na machozi, akameza. Havikuleta nafuu papo hapo. Alijua haviwezi. Ilikuwa kama kumwagia ndoo moja shamba lililokauka.

Akatambaa mpaka dirisha la jikoni, lililotazama karakana ya Cheche, akajiinua kwa viwiko kwenye sinki. Kati ya nondo alimwona mgongo wake, ameinama, kinyago cha kuchomelea kimefunika uso, mashine ya kukatia chuma ikilia kwa sauti ya kupasua masikio. Vidole alifungua mdomo kumwita. Kilichotoka hakingemwamsha hata paka.

Kwenye sinki kulikuwa na sufuria ndogo yenye masikio. Aliingiza mkono wake uliokunjwa ndani ya sikio la sufuria, ukanasa kama kulabu, akaipiga kwenye nondo. Mashine iliimeza sauti yake. Akapiga. Akangoja. Akasikiliza ile mashine kama mtu anayesikiliza pumzi za mtu mwingine, ashuke lini, apumzike lini. Ilipozima ghafla, akapiga kwa nguvu zake zote, mara tatu.

Cheche alinyanyua kinyago, lakini hakugeuka.

"Najua, mama, najua!" alipaza sauti. "Kelele! Mwalimu Mkuu ameshaniambia kuna mgonjwa. Kipande hiki kimoja tu, namaliza sasa hivi!"

Na akawasha tena.

Kama angekuwa na pumzi ya kucheka, huenda angecheka. Aliegemeza kichwa kwenye nondo. Jasho lilimtiririka mgongoni. Mfa maji haachi kutapatapa, akapiga sufuria tena, si kwa mpango sasa, alipiga tu, akapiga, mpaka sikio la sufuria likakatika na sufuria yenyewe ikaanguka nje kupitia pengo lililoachwa chini ya nondo, ikagonga sinia la chuma la Cheche na kumrushia misumari miguuni.

Safari hii aligeuka, tena kwa hasira. Akaja dirishani na kinyago kichwani. Aliona uso wa Vidole kwanza, kisha ile mikono.

"Yesu! Umefanyaje mikono? Umepigwa umeme?"

Vidole alitikisa kichwa. "Hospitali," alisema, na neno lilitoka kwa mlio.

Cheche alikimbilia mbele. Vidole alimsikia akilitikisa kufuli, akilitukana, akiutukana mlango, akimtukana na aliyeutengeneza, yaani yeye mwenyewe. Halafu ule mlio wa kukata chuma ukaanza tena, karibu kabisa sasa, na cheche zikaingia chini ya mlango wa mbao. Hakuna sauti iliyowahi kumfurahisha kama ile.

Alimbeba kwa mikono miwili, akamlaza nyuma ya pikapu yake kati ya fremu mbili za madirisha zilizokuwa zipelekwe kwa mteja, akamkunjia koti lake chini ya kichwa. "Vuta pumzi polepole," alimwambia. "Kama unapuliza chai." Hakujua kwamba huo ulikuwa ushauri mzuri. Alisema alichowahi kumwambia mkewe kwenye uchungu.

Hospitalini nesi mmoja alimgonga shavuni kwa ncha ya kidole, mbele ya sikio. Pembe ya mdomo wa Vidole ikaruka yenyewe. Akagonga tena, ikaruka tena. Nesi hakungoja zaidi. Wakamwekea waya za kufuatilia moyo kifuani, wakachoma sindano ya mshipa, na daktari kijana akasimama pale pale akisukuma dawa kidogo kidogo, macho kwenye mashine.

"Hii ni kalsiamu yenyewe," alisema. "Haikimbizwi. Tukiiharakisha moyo utagoma. Utasikia joto."

Joto lilikuja, likashuka kutoka kifuani hadi tumboni kama mtu amefunguliwa maji ya moto ndani. Kisha kidole gumba cha kulia kikatikisika. Kikatoka kiganjani, taratibu, kama mtu anayetoka chini ya kitanda baada ya wezi kuondoka. Baada ya hapo wakamtundikia dripu, wakachukua damu. Majibu yalikuja: kalsiamu ilikuwa chini mno, na madini mengine, magnesiamu, nayo yalikuwa yameshuka. Wakaongeza na hayo.

"Vidonge ulikuwa unameza?" daktari aliuliza.

Kabla Vidole hajajibu, sauti ya kengele ilijibu kutoka mlangoni. "Anameza! Nampa kwa mkono wangu mwenyewe, mara tatu kwa siku, nina ratiba!" Dada alikuwa amefika, gauni la bluu limekunjamana, jasho usoni, na kufuli lililokatwa bado limo mkononi. Alikuwa amelikuta chini mlangoni kwake, na damu ya ulimi wa Vidole kwenye sakafu ya jikoni, kabla majirani hawajamwambia alikopelekwa. "Daktari, hamkumpa dozi ya kutosha. Andika hapo. Nataka kuonana na mkubwa wenu."

Daktari kijana alimtazama Dada, akamtazama Vidole. Pale kitandani, waya kifuani na dripu mshipani, Vidole aliona njia iliyo wazi ya kutokea. Angenyamaza tu. Kosa lingekwenda kwa hospitali, na yeye angebaki mgonjwa asiye na hatia.

"Nilikuwa navitema," alisema.

"Unasema?" Dada aliuliza.

"Bafuni. Vyote. Tangu siku ya kwanza. Usimgombeze daktari, Dada."

Mgonjwa wa kitanda cha pili aliacha kutafuna.

"Ulikuwa *unatema*?" Ilikuwa sauti ya mkutano wa asubuhi, mbele ya wanafunzi mia tano. "Mwanamke wa miaka arobaini na mmoja? Sikio la kufa..." Lakini methali ilimkwama katikati. Aligeuka akatoka nje.

Cheche, aliyekuwa bado kwenye korido akingoja koti lake, alimsimulia Vidole baadaye kwamba Dada alisimama dirishani muda mrefu, analigeuza lile kufuli mikononi, halafu akamuuliza jambo moja tu: kukata kufuli na pete za mlango kulichukua dakika ngapi. Cheche akamwambia karibu kumi na mbili, maana chuma alikipika vizuri. Dada akasema, "Dakika kumi na mbili," akaketi chini sakafuni, na gauni la mikutano.

Alirudi jioni. Alivuta kiti akaketi karibu na kitanda.

"Mama alikufa mimi nipo shuleni," Dada alisema. "Unajua hilo. Kitu usichokijua ni kwamba aliniambia nisiende siku hiyo. Wewe ulikuwa unacheza nje, mlango wazi, umeingia na kutoka mara ngapi, hukujua amelala vile kwa sababu gani. Nikasema nikiondoka sitakuacha na mlango wazi tena."

"Dada, leo ulifunga mlango mimi nikiwa ndani nakufa."

"Najua."

"Nirudishie simu yangu."

Dada alifungua mkoba akampa. Vidole vya kupokelea vilikuwa bado vizito, simu ikaangukia shukani, na hakuna aliyeikimbilia.

"Na nikitoka nakwenda kwangu," Vidole alisema. "Vidonge nitameza. Nitameza kwa mkono wangu."

"Ukisahau?"

"Nikisahau vidole vitanikumbusha, hivi sasa vimejifunza." Alijaribu kutabasamu, ulimi ukamuuma. "Unaweza kupiga simu. Mara moja kwa siku. Si tatu."

"Mbili."

"Dada."

"Haya. Moja."

Alikaa wodini siku sita. Alipotoka, Cheche alimpeleka kwake na pikapu ileile, na Dada akafuata nyuma kwa miguu yake, amebeba mfuko wa dawa ambao hakuruhusiwa kuufungua.

Vitezi havikuamka. Wiki sita, kimya. Miezi sita, kimya. Daktari wa upasuaji alisema wakati mwingine huchelewa. Mwaka ulipotimia aliweka kalamu chini, akamwambia kwamba sasa haamini vitaamka, na kwamba vidonge vitakuwa vya maisha, pamoja na kupimwa damu kila baada ya miezi michache, kwa kuwa kalsiamu ikizidi nayo huharibu figo. Kwa hiyo hawezi kupunguza kwa kujisikia nafuu wala kuongeza kwa hofu.

"Hata nikiwa mzima kabisa?" Vidole aliuliza.

"Utakuwa mzima kwa sababu ya hivyo."

Alitoka nje akakaa kwenye benchi la korido. Alilia kidogo, bila kelele, mikono imelala mapajani. Alikuwa ametoroka nyumba ya dada yake, na hii sasa ilikuwa nyumba isiyo na mlango wa kukata. Mchana, jioni, asubuhi. Safarini, msibani, kwenye kicheko. Hakuna wa kumgombeza na hakuna wa kumficha.

Ilikuwa saa sita kasorobo. Saluni kulikuwa na bibi harusi mtarajiwa aliyemwacha na nusu kichwa, upande mmoja umesukwa na mwingine umesimama, na bila shaka kilikuwa kinamuuma. Vidole alijifuta uso. Akaomba maji kwa mlinzi wa mlangoni, akatoa vidonge viwili kwenye pochi, akavimeza kimoja baada ya kingine, akaenda kazini.